Kampuni Inayomiliki Hisa za Kampuni Nyingine: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuweka Fedha

Mazungumzo kwa wananchi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera



Tunapenda ieleweke tangu mwanzo kwamba hatukuja kuuza kitu. Hatuna fomu za kujaza, na hatupokei fedha ya mtu yeyote. Kazi yetu ni kueleza jinsi aina moja ya uwekezaji inavyofanya kazi, faida zake na hatari zake, ili anayetaka kuingia aingie akijua, na asiyetaka abaki nje akijua vilevile.

Tunalizungumza jambo hili hapa kwa sababu. Katika wilaya hizi mbili kuna fedha ambazo humfikia mtu kwa mkupuo. Mkulima wa kahawa au tumbaku hulipwa msimu unapofungwa, kisha hungoja hadi msimu mwingine. Mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Biharamulo anaweza kukaa miezi bila kitu, kisha siku moja akapata. Zipo pia familia za Ngara zilizolipwa fidia kupisha mradi wa nikeli wa Kabanga. Fidia ya ardhi hailipwi mara ya pili. Shamba limekwenda, na badala yake pamebaki fedha; ikiliwa, hakuna kitakachoota pale. Kwa hiyo swali la kuiweka wapi fedha hiyo ni swali la maisha ya familia kwa miaka ishirini ijayo.

Wapo watakaonunua ng'ombe, wapo watakaojenga vyumba vya kupangisha, wapo watakaoiweka benki. Yote hayo yana mahali pake. Leo tunaongeza njia moja tu katika orodha hiyo: kununua hisa za kampuni ambayo kazi yake ni kumiliki hisa za kampuni nyingine.

Kampuni ya uwekezaji ni kitu gani

Tuanze na jambo mnalolifahamu. Pale Rusumo, nchi tatu za Tanzania, Rwanda na Burundi zilishirikiana kujenga kituo cha kufua umeme chenye uwezo wa megawati 80. Kila nchi ina fungu lake la umeme lililo sawa na la mwenzake. Pengine kila moja ingekuwa na kazi ngumu kujenga peke yake. Zilipoungana, mzigo uligawanyika na manufaa yakagawanyika.

Kampuni ya uwekezaji katika hisa inasimama juu ya wazo lilelile. Watu wengi, kila mmoja na kiasi chake, huchangia mtaji wa kampuni moja. Kampuni hiyo hailimi, haichimbi, wala haina kiwanda. Huchukua mtaji huo na kununua hisa za kampuni zinazofanya kazi: benki, viwanda vya saruji, viwanda vya bia, kampuni za simu. Kampuni hizo zikipata faida na kutoa gawio, gawio humfikia mwekezaji kwa kupitia kampuni ya uwekezaji. Hisa hizo zikipanda bei, mali ya kampuni ya uwekezaji huongezeka; zikishuka, hupungua.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1868, mjini London, ulianzishwa mfuko ulioitwa Foreign & Colonial ili mtu mwenye akiba ya wastani apate nafasi ambayo hapo awali ilikuwa ya matajiri tu, yaani kutawanya fedha zake mahali pengi kwa wakati mmoja. Ulianza kwa hatifungani za serikali mbalimbali, baadaye ukaingia katika hisa, na hadi leo upo. Majirani zetu wa Kenya walianzisha mwaka 1967 kampuni ya uwekezaji ya ICDC, ambayo leo inaitwa Centum. Hapa Tanzania tunazo kampuni za namna hiyo. Kampuni ya Uwekezaji ya TCCIA ilianzishwa mwaka 1999 kutokana na Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo, na hisa zake ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2018. Nyingine ni NICOL, ambayo tutaizungumzia zaidi hapa mbele. Tunazitaja kwa ajili ya elimu; hatumshauri mtu anunue wala asinunue hisa za kampuni yoyote kati ya hizo.

Tofauti yake na mfuko wa vipande

Wengi wenu mmesikia habari za vipande vya UTT AMIS. Mfuko wa Umoja ulianza mwaka 2005, na baada yake ikafuata mingine kama Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu na Ukwasi. Hiyo pia ni mifuko ya kuchangia pamoja, lakini inatofautiana na kampuni ya uwekezaji kwa jambo moja kubwa, na asiyelijua jambo hilo anaweza kuumia.

Katika mfuko wa vipande, mwekezaji mpya akija, vipande vipya hutengenezwa kwa ajili yake. Mwekezaji akitaka kutoka, mfuko wenyewe hununua vipande vyake na kuvifuta. Bei hufuata thamani halisi ya mali ya mfuko: huchukuliwa mali yote, hutolewa madeni, kisha hugawanywa kwa idadi ya vipande. Mlango uko wazi wa kuingia na wa kutoka.

Katika kampuni ya uwekezaji, idadi ya hisa kwa kawaida haibadiliki. Ukitaka kuingia, ni lazima umpate mtu anayeuza. Ukitaka kutoka, ni lazima umpate mtu anayenunua. Kampuni yenyewe hailazimiki kukurudishia fedha zako. Ninyi wawili, muuzaji na mnunuzi, mnakutanishwa sokoni na madalali walioidhinishwa, na bei ni ile mtakayokubaliana. Bei hiyo inaweza kuwa sawa na thamani halisi ya mali, inaweza kuizidi, na mara nyingi huwa chini yake.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kuna kampuni ya uwekezaji yenye hisa za kampuni nyingine zinazofikia shilingi bilioni 50 kwa bei ya soko. Ina pia fedha taslimu na hatifungani za shilingi bilioni 6, na inadaiwa shilingi bilioni 4. Jumla ya mali ni bilioni 56. Ukitoa deni, zinabaki bilioni 52. Kampuni hiyo ina hisa milioni 100. Gawanya, na utapata kwamba nyuma ya kila hisa moja kuna mali ya shilingi 520. Hiyo ndiyo thamani halisi.

Lakini sokoni hisa hiyo inauzwa kwa shilingi 364. Yaani mnunuzi analipa shilingi 364 na kupata mali ya shilingi 520. Kuna punguzo la asilimia 30.

Mtu wa kwanza atasema: hii ni bahati, tununue upesi. Tunamwomba asubiri. Punguzo lina faida moja iliyo wazi. Kampuni ikitoa gawio la shilingi 20 kwa hisa, aliyenunua kwa 364 anapata takriban asilimia 5.5 ya fedha aliyoiweka, ilhali angenunua kwa 520 angepata asilimia 3.8 tu. Ukinunua hisa 1,000 utakuwa umelipa shilingi 364,000, bila ada, na gawio lako litakuwa shilingi 20,000. Katika hizo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa kampuni iliyoorodheshwa sokoni, nawe unabaki na shilingi 19,000.

Hata hivyo, punguzo halina ahadi ya kuondoka. Tuseme miaka mitatu imepita, na mali nyuma ya kila hisa ni ileile ya shilingi 520, lakini wanunuzi wamepungua na punguzo limefika asilimia 45. Hisa yako sasa inauzwa kwa shilingi 286. Mali ya kampuni haikupungua hata senti moja, nawe umepoteza shilingi 78 kwa kila hisa ukilazimika kuuza siku hiyo. Hapo ndipo mtu husema ametapeliwa, kumbe hakutapeliwa. Alinunua kitu bila kuelezwa jinsi bei yake inavyopatikana.

Hili si jambo la kufikirika tu. Kwa miaka ya karibuni hisa za Centum katika soko la Nairobi zimekuwa zikiuzwa kwa chini ya nusu ya thamani halisi ya mali iliyo nyuma yake. Sababu za punguzo kubwa kwa kampuni za namna hii ni nyingi: wanunuzi kuwa wachache, mali nyingine kuwa ngumu kuuza au kuthaminisha, gharama za uendeshaji kuwa kubwa, au wawekezaji kutokuwa na imani na uongozi. Anayeona punguzo na aulize kwanza: wenzangu wanaona nini ambacho mimi sijakiona?

Faida ya kutawanya, na mipaka yake

Kwa nini basi mtu apitie kampuni ya uwekezaji badala ya kununua mwenyewe hisa za kampuni moja anayoipenda? Jibu la kwanza ni kutawanya hatari.

Mnakumbuka mauzo ya hisa za Vodacom Tanzania ya mwaka 2017. Ziliuzwa kwa shilingi 850 kila moja, na watu wengi walizinunua wakiamini kwamba kampuni ya simu haiwezi kushuka. Baadaye bei ilikwenda chini ya hapo na kukaa chini kwa miaka. Upande mwingine, hisa za benki ya NMB ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600, na miaka kumi na mitano baadaye zilikuwa zikiuzwa kwa zaidi ya shilingi 4,000. Hisa za CRDB ziliuzwa kwa shilingi 150 mwaka 2009. Mwaka 2019 zilifika chini ya shilingi 100, kisha zikapanda tena hadi kuzidi mara mbili ya bei ya kwanza. Aliyeuza mwaka 2019 kwa kuchoka alipata hasara. Aliyengoja alipata faida. Hakuna aliyejua kwa hakika mwaka ule wa ununuzi kipi kitapanda na kipi kitashuka.

Mtu mwenye kampuni kumi mkononi haumizwi sana na moja iliyoanguka. Mtu mwenye moja tu anapanda au kuzama nayo. Mkulima wa hapa analijua hili kuliko sisi: ndiyo maana katika shamba moja utakuta migomba, maharage, mihogo na kahawa. Mnyauko ukiingia kwenye migomba, nyumba haikosi chakula.

Lakini msiridhike na jina. Si kila kampuni inayoitwa ya uwekezaji imetawanya kweli. Yapo makampuni ambayo sehemu kubwa ya mali yake ni hisa za kampuni moja au mbili. NICOL, kwa mfano, imejulikana kwa kumiliki hisa nyingi za benki ya NMB, kiasi kwamba NMB inapofanya vizuri NICOL hunufaika, na ikiyumba NICOL nayo huyumba. Jambo hilo si kosa la kisheria, na wanahisa wanaweza kulipenda. Ila anayenunua akidhani anatawanya hatari, ilhali ananunua zaidi ya nusu ya kitu kimoja, hajapata alichokifuata. Orodha ya mali huwa ndani ya taarifa ya mwaka ya kampuni. Someni orodha hiyo, au mwombeni mtu anayejua awasomee, kabla ya kutoa fedha. Asiyeisoma ananunua mbuzi kwenye gunia.

Deni ndani ya kampuni

Jambo jingine la kuangalia ni mkopo. Kampuni ya uwekezaji inaweza kukopa ili inunue hisa zaidi. Soko likipanda, mkopo huongeza faida. Likishuka, huongeza hasara, kwa kuwa anayedai hashiriki hasara.

Hesabu yake ni hii. Kampuni ina mali ya shilingi bilioni 100, ambazo 80 ni za wanahisa na 20 ni za mkopo. Bei za soko zikishuka kwa asilimia 25, mali inabaki bilioni 75. Mkopeshaji bado anadai bilioni 20 zake kamili. Kwa wanahisa zinabaki bilioni 55 kutoka 80. Wao wamepoteza zaidi ya asilimia 31. Soko lilipoanguka mjini New York mwaka 1929, kampuni nyingi za uwekezaji zilizokuwa zimejaa madeni ziliteketea pamoja na akiba za watu wa kawaida waliozinunua kwa kuamini kwamba mabingwa wanajua wanachofanya. Kwa hiyo ulizeni daima: kampuni hii inadaiwa kiasi gani, na riba yake ni nani anayeilipa? Jibu la swali la pili ni rahisi: ni ninyi.

Gharama na uongozi

Kampuni ya uwekezaji ina bodi ya wakurugenzi, ofisi, wahasibu, wakaguzi, na wakati mwingine meneja wa nje anayelipwa ada. Gharama hizo hutoka katika mali yenu kabla gawio halijafikiriwa. Ukiona kampuni inayopokea magawio ya shilingi bilioni 3 kwa mwaka na kutumia bilioni 1 kujiendesha, jua kwamba shilingi moja katika kila tatu imeishia njiani.

Mwekezaji naye ana gharama zake. Kila anaponunua na kila anapouza hukatwa ada za dalali na za taasisi za soko. Anayenunua na kuuza mara kwa mara analisha ada; anayekaa miaka mingi ada hizo humgusa mara mbili tu.

Mwanahisa ana haki, na haki hizo ndizo silaha yake. Anayo haki ya kupewa taarifa ya mwaka iliyokaguliwa, kuhudhuria mkutano mkuu au kutuma mwakilishi, kuuliza maswali, na kupiga kura kuwachagua wakurugenzi. Tunafahamu kwamba mikutano mingi hufanyika Dar es Salaam, na kutoka Rulenge au Nyakahura ni safari ndefu na nauli kubwa. Fomu ya uwakilishi ipo kwa ajili hiyo. Wanahisa kumi wa kata moja wanaweza kumtuma mmoja wao, au kumpa uwakilishi mtu wanayemwamini aliyeko huko.

Hapa inafaa tuseme habari ya NICOL kwa ukamilifu, kwa kuwa ina funzo. Kampuni hiyo ilikusanya mitaji ya Watanzania wengi, ikaorodheshwa sokoni mwaka 2008, lakini mwaka 2011 hisa zake ziliondolewa katika soko. Zilirejea mwaka 2018. Katika miaka hiyo saba mwanahisa aliyehitaji fedha za matibabu au ada ya mtoto hakuwa na soko rasmi la kuuzia. Mali ya kampuni ilikuwapo, lakini mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa. Kisha mlango ukafunguliwa, na waliosubiri waliiona mali yao ikipata bei tena. Funzo ni kwamba mwekezaji haangalii tu mali iliyoko ndani ya kampuni. Anaangalia pia kama uongozi unatimiza masharti, na kama yeye mwenyewe anaweza kuvumilia fedha zake zikifungiwa kwa miaka.

Nani anafaa, na nani hafai

Kwa hiyo tunasema wazi. Fedha ya ada ya shule ya Januari isiwekwe katika hisa. Fedha ya mbolea ya msimu ujao isiwekwe huko. Fedha ya dharura ya ugonjwa isiwekwe huko. Fedha iliyokopwa, iwe kwa kikundi, kwa benki au kwa jirani, isiwekwe huko kamwe. Fedha ambayo mtu anaweza kuisahau kwa miaka mitano au zaidi, bila nyumba yake kutikisika, hiyo ndiyo inayoweza kufikiriwa.

Kwa mwenye fedha ya mkupuo, tunashauri aigawe kabla ya kuamua chochote. Fungu la kwanza ni la chakula, afya na makazi. Fungu la pili ni la kitu kinachozalisha karibu naye, kama shamba jingine, mifugo au biashara anayoijua. Fungu la tatu, ambalo linaweza kuwa dogo, ndilo la kwenda mbali: hatifungani, vipande au hisa. Hata fungu hilo la tatu si lazima liingie siku moja. Anayenunua kidogo kila baada ya mavuno hununua wakati mwingine kwa bei ya juu na wakati mwingine kwa bei ya chini, naye hapatwi na balaa la kuingiza yote siku ambayo bei iko kileleni. Haba na haba hujaza kibaba.

Jueni pia kwamba Bodi ya Bima ya Amana hulinda amana za wateja wa benki hadi kiwango kilichowekwa. Hailindi hisa. Hisa ikishuka bei, hakuna ofisi ya kuidai fidia.

Njia halali ya kununua

Anayeamua kununua hupitia kwa dalali aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hufunguliwa akaunti ya hisa kwa jina lake, na umiliki wake huandikwa kwa njia ya kielektroniki. Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo mauzo yake ya kwanza yalifanyika Aprili 1998, lina pia programu ya simu iitwayo Hisa Kiganjani, hivyo aliyeko Kabanga au Nyakanazi halazimiki kusafiri. Vitambulisho, namba ya akaunti ya benki na jina viandikwe sawasawa. Herufi moja iliyopishana kati ya kitambulisho na akaunti inaweza kuzuia gawio kwa miezi.

Mume amwambie mke, na mke amwambie mume. Yako magawio ambayo hayana mwenyewe kwa sababu aliyenunua hisa alifariki bila familia kujua. Andikeni namba ya akaunti ya hisa mahali ambapo nyaraka za nyumba hutunzwa. Mwenye hisa akifariki, msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ndiye anayeweza kuzihamisha kwa warithi.

Alama za utapeli

Mwisho, tahadhari. Palipo na fedha za fidia, wauzaji wa ahadi hawachelewi kufika. Mwaka 2009 serikali ilisimamisha shughuli za DECI, mpango uliowaahidi Watanzania kwamba wakipanda fedha watavuna maradufu kwa muda mfupi. Waliovuna mwanzoni walilipwa kwa fedha za waliokuja nyuma yao. Hakukuwa na shamba, kiwanda wala hisa iliyozalisha faida hiyo.

Tofauti kati ya mpango wa namna hiyo na kampuni halali ya uwekezaji inaonekana kwa anayeuliza. Kampuni halali haiwezi kukuahidi faida ya kila mwezi, kwa kuwa yenyewe haijui bei ya kesho. Haikulipi kwa kuleta watu wengine. Haikuambii ulipe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Haikuharakishi kwa kusema nafasi zinaisha leo. Na mtu akija kijijini akisema anauza hisa za mradi wa nikeli wa Kabanga, mwulizeni: zimeorodheshwa wapi, na waraka wa matarajio ulioidhinishwa na Mamlaka uko wapi? Kampuni ya Tembo Nickel inamilikiwa na mwekezaji na Serikali, ambayo ina asilimia 16. Si hisa za kuuzwa kwa mkono chini ya mwembe.

Tunakaa mpakani, na watu wema huvuka Rusumo na Kabanga kila siku kwa biashara zao. Lakini leseni iliyotolewa nchi jirani haimruhusu mtu kukusanya fedha za uwekezaji hapa. Anayedai kuwa na leseni, majina ya wenye leseni hutangazwa na Mamlaka. Simu moja au ujumbe mmoja wa kuuliza unatosha. Asiyekuwapo katika orodha, mwacheni aende na fedha yenu ibaki.

Tufupishe kwa maswali saba ambayo mtu ayaulize kabla ya kununua, na tungependa mwende nayo nyumbani. Thamani halisi ya mali kwa hisa moja ni kiasi gani, na bei ya sokoni ni kiasi gani? Kampuni inamiliki nini hasa, na sehemu kubwa iko wapi? Inadaiwa kiasi gani? Inatumia kiasi gani kujiendesha? Imetoa gawio miaka gani, na miaka gani haikutoa? Hisa zake huuzwa na kununuliwa mara ngapi sokoni, kwa maana kwamba nikitaka kutoka nitampata mnunuzi? Na la saba ni la kujiuliza mwenyewe: fedha hii ikikwama miaka mitano, nyumba yangu itakula nini?

Asiyepata majibu ya maswali sita ya kwanza asinunue. Aliyepata majibu hayo lakini akashindwa kujibu la saba, naye asinunue bado. Hakuna aibu katika kungoja. Soko litafunguliwa kesho kama lilivyofunguliwa leo.

 Sasa tunakaribisha maswali yenu.